Mgeni Aliyenyang'anywa Jembe

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa sana majumbani kuwakumbusha watu kwamba ukarimu una mpaka wake, na kwamba kila mwenye mikono hana budi kuitumia. Lakini wahenga hawakueleza lifanyike nini pale ambapo mgeni amekwisha lishika jembe kwa miaka mingi, amemlimia mwenyeji wake, amemjengea nyumba na kumfagilia barabara, kisha usiku mmoja inatolewa amri kwamba jembe hilo lisiguswe tena, na wala yeye mwenyewe asiondoke kurudi kwao. Je, mtu huyo ahesabiwe kuwa mgeni wa siku ya kwanza au wa siku ya tatu? Na chakula atakachopewa kiitwe sadaka, au kiitwe haki yake?

Swali hilo liliulizwa kwa uchungu mkubwa nchini India katika mwaka wa 2020, wakati ugonjwa wa Korona ulipoanza kuenea duniani. Tarehe 24 Machi, saa 2 usiku, Waziri Mkuu Narendra Modi alilihutubia taifa na kutangaza kwamba kuanzia saa 6 usiku huo huo watu wote, wapatao milioni 1,300, wakae majumbani mwao kwa muda wa siku 21. Treni za abiria zilikuwa zimekwisha simamishwa. Viwanda, maduka mengi na kazi za ujenzi vikafungwa. Kati ya tangazo na amri palikuwa na muda wa saa 4 tu, muda ambao mama wa nyumbani huuhitaji kwenda sokoni, kupika na kuandaa chakula cha jioni.

Kwa mwenye nyumba, mshahara na ghala lililojaa, amri hiyo ilikuwa na maana ya kufunga mlango. Lakini miji ya India imejaa mamilioni ya vibarua waliotoka vijijini katika majimbo ya mbali, kama vile Bihar, Uttar Pradesh, Jharkhand na Bengal Magharibi. Hao ndio waashi, wabeba zege, wachukuzi wa mizigo, washonaji wa viwandani na walinzi wa usiku. Wengi wao hulipwa kwa siku au kwa juma, na hulala papo hapo kazini, au watu kadhaa katika chumba kimoja cha kupanga. Kazi ilipokoma, ujira ulikoma. Ujira ulipokoma, chungu kilipoa. Nauli ya kurudia nyumbani haikuwapo, na hata kama ingekuwapo, treni hazikuwapo.

Kundi moja la watu wa kujitolea, lililojulikana kwa kifupi kwa jina la SWAN, lilipokea simu za vibarua waliokwama na kuandika hali zao. Katikati ya Aprili lilitoa taarifa juu ya vibarua 11,159 waliokuwa wamewasiliana nalo. Katika kila watu 100 kati ya hao, 96 walikuwa hawajapata posho ya nafaka kutoka serikalini, na nusu yao walikuwa wamebakiwa na chakula kisichotosha hata siku moja. Wengi mno, yaani 89 katika kila 100 waliohojiwa juu ya jambo hilo, walikuwa hawajalipwa chochote na waajiri wao tangu amri ilipoanza.

Msomaji atadhani labda nchi ilikuwa na njaa. La hasha. Maghala ya serikali ya India wakati huo yalikuwa na nafaka zaidi ya tani milioni 70. Tena ilikuwapo sheria ya chakula ya mwaka 2013, ambayo wakati huo iliwapa wananchi wapatao theluthi mbili ya taifa haki ya kununua nafaka kwa bei ndogo sana. Tarehe 26 Machi, siku mbili baada ya hotuba, serikali ilitangaza nyongeza: kilo 5 za mchele au ngano kwa kila mtu kila mwezi, bila malipo, kwa watu milioni 800, pamoja na kilo moja ya dengu au kunde kwa kila kaya. Kwa hesabu ya jikoni, kilo 5 kwa mwezi ni kiasi cha gramu 170 hivi kwa siku. Si karamu, lakini humzuia mtu asife.

Basi kwa nini kibarua alilala njaa karibu na ghala lililojaa? Sababu ilikuwa ndogo kama karatasi, kwa maana ilikuwa karatasi yenyewe. Kadi ya posho ya familia iliandikishwa kijijini, katika duka moja lenye orodha ya majina yake. Kibarua alikuwa mjini, mwendo wa kilomita elfu moja kutoka katika duka hilo. Jina lake lilikuwa kijijini likingoja nafaka, na tumbo lake lilikuwa mjini likingoja chakula. Mpango wa kuiwezesha kadi moja itumike nchi nzima ulikuwa umeanza, lakini majimbo mengi yalikuwa bado hayajauingia. Ilipofika tarehe 14 Mei, majuma saba baada ya amri ya kwanza, ndipo serikali ilipotangaza nafaka ya bure kwa wahamaji wapatao milioni 80 wasiokuwa na kadi mahali walipokuwa.

Katika majuma hayo saba, waliosimama katika pengo hilo ni watu wenye masufuria makubwa. Jijini Delhi, majengo ya shule yaligeuzwa kuwa vituo vya kugawia chakula cha mchana na cha jioni. Hekalu la Masingasinga liitwalo Bangla Sahib lilipika makumi ya maelfu ya milo kila siku, nayo ikapakiwa na kupelekwa kwa wenye njaa. Kwa Masingasinga jambo hilo halikubuniwa kwa ajili ya Korona. Tangu zama za Guru Nanak, mwanzilishi wa dini yao, aliyefariki mwaka 1539, kila hekalu lao lina jiko liitwalo langar. Humo tajiri na maskini huketi sakafuni katika mstari mmoja wakala chakula kimoja, na nyama haipikwi ili asiwepo mtu atakayezuiwa na mwiko wake.

Wasafiri wa Afrika ya Mashariki hawana haja ya kwenda Delhi kuliona jiko la namna hiyo. Makindu nchini Kenya, kando ya barabara ya kutoka Mombasa kwenda Nairobi, lipo hekalu lililojengwa mwaka 1926 na Masingasinga waliofanya kazi katika reli. Msafiri huingia, huvua viatu, hunawa, hula na kwenda zake bila ya kuulizwa dini yake wala kabila lake. Waliolianzisha walikuwa wenyewe wafanyakazi wa ugenini, na walijua njaa ya njiani ina ladha gani.

Katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, serikali ya jimbo iliwaita vibarua hao kwa jina la wafanyakazi wageni. Mabaraza ya vijiji na miji yalifungua majiko ya jumuiya, na kina mama wa vikundi vya Kudumbashree, vilivyoanzishwa mwaka 1998, wakashika miiko. Lakini hata huko palikuwa na somo. Tarehe 29 Machi mamia ya vibarua walikusanyika barabarani huko Payippad wakitaka warudishwe makwao, na suala la chakula lilikuwa miongoni mwa manung'uniko yao. Watu wa kaskazini na mashariki ya India hawakuzoea mapishi ya Kerala. Badala ya kuwaambia kwamba mwenye njaa hachagui, wenye madaraka waliwapelekea vibarua vyakula vibichi ili wajipikie wenyewe walivyozoea.

Jambo hili latakiwa lizingatiwe na kila kamati ya msaada. Nafaka kavu ni msaada mwema kwa mwenye jiko, sufuria na kuni. Kwa kibarua anayelala juu ya mifuko ya saruji, ngano isiyosagwa ni mzigo tu. Kwa upande mwingine, chakula kilichopikwa humwokoa asiye na jiko, lakini humtaka asimame foleni mara mbili kwa siku, katika jua kali na katika msongamano ule ule uliokatazwa na madaktari. Tena katika joto chakula huchacha upesi. Kwa hiyo swali la kwanza la mgawaji lisiwe "tunacho nini ghalani?" bali liwe "anacho nini huyu mikononi mwake?" Mchele uliopikwa pamoja na dengu katika sufuria moja, ambao Wahindi huuita khichdi, ulipendwa na majiko mengi kwa sababu ni mwepesi kupika, hauhitaji mboga ya pembeni, na humfaa mtoto na mgonjwa pia.

Wengi hawakungoja. Walifunga virago, wakawabeba watoto mabegani, wakaanza kutembea kwa miguu kuelekea vijijini mwao, mamia ya kilomita. Njiani wanakijiji na madereva waliwapa maji, ndizi na chapati, na wema huo uliokoa watu wengi. Treni maalumu za vibarua zilianza tarehe 1 Mei, na hatimaye zilisafirisha watu zaidi ya milioni 6. Lakini tarehe 8 Mei, karibu na mji uliojulikana wakati huo kwa jina la Aurangabad, kundi la vibarua wa kiwanda cha chuma lililokuwa likitembea kandokando ya reli lilichoka na kulala juu ya njia hiyo, wakidhani treni hazipiti. Treni ya mizigo iliwapitia alfajiri ikawaua watu 16. Picha zilizoonekana duniani kote zilionyesha chapati zao zimetawanyika juu ya reli. Mtu alikuwa amezisokota, akazichoma na kuzifunga kwa ajili ya safari. Chakula kilikuwapo. Kilichokosekana ni mahali pa mtu kuketi kwa amani akakila.

Nchi za jirani nazo zilijaribiwa mwaka huo huo. Uganda, mnamo Aprili 2020, ilianza kugawa kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharagwe kwa kila mtu miongoni mwa watu milioni 1.5 wa Kampala na Wakiso waliokusudiwa kusaidiwa. Rwanda ilianza tarehe 28 Machi kupeleka chakula mlango kwa mlango, kwa kuwatumia viongozi wa makundi madogo ya kaya za jirani. Faida ya njia hii ni kwamba kiongozi wa nyumba chache hujua ni jiko lipi halijafuka moshi tangu jana. Udhaifu wake ni kwamba yule asiyehesabiwa katika kaya yoyote, kama mpangaji wa juzi, mlinzi anayelala kibarazani au msichana wa kazi aliyetoka mkoa mwingine, huweza kusahauliwa na kila orodha. Mlinzi huyo anahitaji jina lake liandikwe pale anapolala.

India yenyewe ilijifunza kwa gharama kubwa. Tarehe 29 Juni 2021 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliyaamuru majimbo yote yauingie mpango wa kadi moja ya posho kwa nchi nzima, na pia yaendeshe majiko ya jumuiya kwa ajili ya vibarua wahamaji kwa muda wote wa janga. Mwaka 2022 jimbo la mwisho liliingia. Hivi sasa kadi iliyoandikishwa Bihar yaweza kuchukuliwa posho Delhi. Hivyo chakula kilifunzwa kumfuata mtu, badala ya mtu kulazimishwa kukifuata chakula.

Ndugu msomaji, huenda ikafikiriwa kwamba haya ni mambo ya serikali na mahekalu, wala hayamhusu mwenye nyumba. Lakini karibu kila nyumba yenye uwezo inaye mgeni wake aliyeshika jembe: mpishi, yaya, mtunza bustani, kibarua anayemalizia ukuta. Siku ya balaa, iwe maradhi au mafuriko, mtihani wa kwanza wa ukarimu si gunia linalopelekwa kituoni mbele ya wapiga picha. Mtihani wa kwanza ni kama ujira wa mtu huyo ulilipwa kwa siku alizokwisha fanya kazi. Waajiri wa vibarua wale wa India wangalilipa deni lao mwezi Machi, foleni za Aprili zingalikuwa fupi. Haifai kumnyima mtu ujira kwa mkono wa kushoto, kisha kumpa uji kwa mkono wa kulia na kungoja shukrani.

Tena apewapo chakula, apewe kama mtu. Aulizwe anakula nini. Aonyeshwe mahali pa kunawa na pa kuketi. Asipigwe picha akiwa ameshika bakuli. Watoto wa nyumba wakiliona hilo, watajifunza adabu ambayo haimo katika kitabu chochote cha shule.

Mgeni aliyenyimwa jembe kwa amri si mgeni wa siku ya tatu. Huyo amerudi kuwa mgeni wa siku ya kwanza, na mgeni wa siku ya kwanza hutandikiwa mkeka.