Sahani ya Mkulima Mezani kwa Karani

Nina ugomvi na sahani. Ninayoisema ni ile iwekwayo mbele ya mfanyakazi wa ofisini saa saba mchana: mlima wa wali au ugali, vipande viwili vya nyama pembeni, na mchicha wa kubana kwa vidole viwili. Sahani hiyo tumeirithi, na kurithi si kosa. Kosa ni kuendelea kuila ilhali kazi iliyoizaa tumekwisha kuiacha.

Baba zetu walishika jembe tangu alfajiri, wakapanda milima, wakabeba mizigo, wakarudi nyumbani kwa miguu. Wanga walioula waliuchoma siku hiyo hiyo. Karani, mwalimu na mhasibu wa leo hupanda daladala, huketi, huinuka kwenda kula, kisha hurudi kuketi. Wamebadili kazi, hawakubadili sahani. Wanga ukisagwa tumboni huwa sukari ndani ya damu, na sukari ambayo misuli haikuitumia mwili huigeuza mafuta na kuiweka akiba. Akiba ya benki humpa mtu riba, lakini ya kiunoni humdai.

Lugha yetu nayo imetusaidia kupotea. Ugali ndio tuliouita chakula. Samaki, maharage na majani tukaviita kitoweo au mboga, yaani vitu vya kutowelea tu. Mtoto akimaliza samaki akabakiza ugali, tunamkaripia kuwa hakula! Kinachojenga mwili tumekifanya mfuasi, na kinachotia nguvu ya kulimia tumekifanya mfalme. Wako watakaonijibu kuwa kumpunguza mfalme huyo ni kuacha mila. Mila ipi? Mahindi na muhogo asili yake ni bara la Amerika. Wareno ndio walioanza kuvileta Afrika baada ya mwaka 1500. Tena hayo mahindi tunayakoboa, tunaondoa pumba na kiini, tunajisifia weupe wa sembe.

Atakaye kuona upotofu huu ulivyokomaa na aende kwenye semina yoyote. Ikifika saa ya chakula, msomi hupanga mstari, akapakua wali, juu yake pilau, kando ndizi, kando ya ndizi chipsi, na tambi kidogo ili asimwudhi mpishi. Anadhani amekula vyakula vitano. Amekula kitu kimoja mara tano! Kisha hushushia soda. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina gramu 30 na kitu za sukari, yaani vijiko 7 au 8 vya chai. Saa nane mwezeshaji anapoanza kusema, nusu ya ukumbi umelala. Nimekuwa mkuu wa chuo cha ualimu, na kila aliyefundisha kipindi cha kwanza baada ya chakula anayajua macho hayo. Tuliwaita wanachuo wavivu, kumbe wengi wao walikuwa wamelemewa na sahani.

Lakini usingizi ni hasara ndogo. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika nchini Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kuwa watu wapatao 9 katika kila 100, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, walikuwa na kisukari. Ugonjwa huo una sababu nyingi, zikiwamo za kurithi. Hata hivyo, unene na kuketi mchana kutwa ni miongoni mwa zile tunazoweza kuzizuia. Mwenzangu mmoja niliyefundisha naye alistaafu akiwa na miguu miwili, na hakuifaidi pensheni yake ila kwa mmoja.

Najua majibu ya wenye haraka: "Mzee, sisi hatuna muda." Muda gani? Mayai matatu huchemka wakati maji ya chai yanachemka. Yai moja lina protini gramu 6 hivi, na wanga wake haufiki gramu 1. Lakini gramu 100 tu za wali uliopikwa zina wanga gramu 28 hivi, na sahani yetu hubeba mara tatu ya hapo bila ajabu. Yatie mayai hayo katika bakuli lenye mfuniko, pamoja na kachumbari ya nyanya, kitunguu na tango. Kesho yake chukua samaki aliyebaki jana usiku na matembele yaliyokaangwa. Siku nyingine parachichi lililokatwa, likatiwa chumvi na ndimu, na konzi ya karanga za kukaanga. Au dagaa na kisamvu. Au maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari. Maharage, kunde na choroko vina wanga pia, sikatai, ila vina protini na nyuzinyuzi, kwa hiyo sukari yake huingia mwilini polepole.

Wengine husema ni ghali. Sikushauri nyama choma kila siku, wala zile poda za kupunguza unene zinazouzwa kwa bei ya mbuzi. Dagaa si chakula cha matajiri, na mchicha huota hata nyuma ya nyumba. Acha soda, fedha yake haiko mbali na bei ya yai moja au mawili. Nao wasemao kwamba hawashibi bila ugali, wajaribu kula mboga kwanza hadi nusu ya sahani, ndipo wauulize tumbo, badala ya kuuliza mazoea.

Sisemi ugali upigwe marufuku. Mkulima, mpagazi na fundi wa ujenzi waule kwa haki yao. Wala mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa asipunguze wanga ghafla bila kumwona daktari, maana sukari yake yaweza kushuka mno akazimia. Ninasema na wewe unayekaa kitini saa nane kwa siku.

Wakubwa wa ofisi mnaoagiza chakula cha semina, agizeni wanga wa aina moja, mboga za majani za aina tatu, na maji. Nawe, ndugu msomaji, kesho saa saba usingoje waraka wa serikali. Mwambie mama lishe kwa adabu: "Mama, nipunguzie ugali nusu, niongezee mchicha na maharage." Huenda akakushangaa siku ya kwanza. Siku ya tatu atakuwa amekuzoea.