Tairi za mashindano, na watoto wamo kiti cha nyuma

Mama mmoja wa Syokimau ameniandikia barua ndefu, na nusu yake ni hesabu. Mumewe ameingia kwenye mchezo wa kuendesha gari dhidi ya saa. Amekwenda mara mbili, akarudi na tabasamu la mtoto aliyeona treni kwa mara ya kwanza. Gari lenyewe ni Subaru Impreza moja tu. Ndilo la kazi, ndilo la kupeleka watoto wawili shule, ndilo la kwenda kwa wazazi Desemba. Sasa mzee anataka seti nne za tairi laini za mashindano. "Anasema ni usalama," anaandika mama huyo. "Mimi naona karo ya Januari. Nani kati yetu ana haki?"

Dada yangu, kila mmoja ana haki upande wake. Nianze na shemeji, maana wengi watamwona mtu mzima anayecheza na pesa, na si kweli.

Kila tairi hugusa barabara kwa eneo linalokaribia kiganja cha mkono wako. Gari zima, lenye uzito wa zaidi ya tani moja, limesimama juu ya viganja vinne. Ukikanyaga breki, nguvu yote hupita hapo. Ukikata kona, ni hapo hapo. Kijana anayeanza mchezo huu kwa kawaida hukimbilia bomba la moshi lenye kelele, kisha kibawa cha nyuma, kisha vibandiko. Shemeji ameanza na tairi. Hilo peke yake laonyesha akili, na majirani wa mtaa wenu wana sababu ya kumshukuru.

Lakini kabla hajalipa, mwulize swali moja: mchezo gani hasa? Hapa Kenya neno autokrosi kwa kawaida lina maana ya mbio za vumbi, gari likizunguka kwenye udongo. Marekani neno hilo hilo ni mchezo mwingine kabisa. Hupanga koni za plastiki kwenye uwanja mpana wa lami, mara nyingi mahali pa kuegesha magari, na dereva mmoja mmoja hupita katikati yake kwa muda wa dakika moja hivi. Mtu akisoma ushauri wa Wamarekani kuhusu tairi bora za autokrosi, kisha akaenda nazo kwenye vumbi, atapoteza pesa. Mpira laini wa lami hukatwa na mawe, na mistari yake michache haina pa kushikia kwenye udongo.

Barua inasema mumeo anakimbia kwenye lami, na anatamani pia siku za kuzunguka uwanja kama ule wa Whistling Morans upande wa Athi River. Hata hapo kuna tofauti ambayo wauzaji hawaisemi. Mbio za dakika moja hazimpi mpira nafasi ya kupata joto. Zinataka tairi linaloshika mara moja, likiwa bado baridi. Kuzunguka uwanja dakika 20 ni kinyume chake: joto hupanda na kupanda, na tairi laini kupita kiasi huanza kuteleza kama sabuni kabla ya mizunguko kwisha, huku likilika pembeni. Katika zile mbio fupi za Marekani, pale gari moja linapoendeshwa na watu wawili kwa zamu, utawaona wanamwagia tairi maji kwa pampu ya bustani kati ya zamu ili lipoe. Kwa hiyo "tairi bora la mashindano" halipo. Lipo tairi linalofaa kazi fulani.

Sasa namba. Kwenye ubavu wa tairi nyingi utakuta neno TREADWEAR na namba mbele yake. Ni kipimo cha Marekani cha jinsi mpira unavyodumu. Tairi la kawaida la familia huwa na 400, 500 au zaidi. Tairi la michezo la kutembelea kila siku huwa karibu na 300. Zile kali zinazopendwa na wakimbiaji, kama Yokohama Advan A052 au Bridgestone Potenza RE-71RS, zimeandikwa 200, kwa sababu klabu kubwa ya Marekani, SCCA, imeweka 200 kuwa kiwango cha chini kwa magari ya kawaida ya barabarani. Chini ya hapo ndipo zilipo zile zinazoitwa semisliki, karibu kipara kwa makusudi. Lakini namba hii huwekwa na kiwanda chenyewe, hivyo 200 ya kampuni moja si lazima ilingane na 200 ya nyingine. Itumieni kama dokezo tu.

Hapa ndipo ninapohamia upande wako, dada. Anayeuza tairi za namba 200 atakwambia ni halali barabarani. Ni kweli. Ila tairi hilo lilitengenezwa kwanza kwa ajili ya lami kavu yenye joto. Kazi ya mistari ya tairi ni kusukuma maji yatoke chini ya mpira. Mistari ikiwa michache, au imelika, maji hubaki, gari huelea juu yake, na usukani huwa mwepesi mkononi kana kwamba umekatika. Tairi jipya la kawaida huwa na kina cha milimita 8 hivi. Mengi ya haya ya mashindano huanza na kina kidogo kuliko hicho, na huisha haraka. Fikiria Novemba, saa kumi na mbili unusu asubuhi, Barabara ya Mombasa, mvua ya vuli imenyesha usiku kucha, maji yamesimama upande wa kushoto, trela iko mbele na matatu iko nyuma. Watoto wamevaa sare, mmoja bado anakula mkate. Hapo tofauti ya sekunde moja uwanjani haina mnunuzi.

Na hesabu yako ya karo ni sahihi kuliko ulivyodhani. Mpira laini huisha hata ukienda dukani. Kila kilomita ya kwenda kazini na kurudi, kila foleni, kila matuta ya mtaa, inakula tairi ghali kwa kazi ambayo tairi la nusu ya bei lingeifanya vizuri zaidi. Mtashangaa seti imekwisha kabla ya Njaanuari ya pili, na sehemu kubwa imeachwa barabarani wala si uwanjani.

Basi ushauri wangu, na najua shemeji hataupenda wote. Mwaka huu wa kwanza asinunue tairi za mashindano kabisa. Anunue tairi nzuri za michezo za barabarani, zile za karibu 300, zenye mistari ya kutosha kwa mvua. Michelin Pilot Sport 4S ni mfano wa aina hiyo, na ziko nyingine za bei nafuu. Hizo zitamhudumia uwanjani na zitakuhudumia wewe Novemba. Tena zina faida ambayo mwanafunzi anaihitaji: hupiga kelele kabla ya kuachia. Tairi la kawaida la michezo hulia, huanza kuteleza polepole, dereva akasikia na kujifunza. Tairi kali hushika, hushika, kisha huachia ghafla. Linamficha dereva makosa yake mpaka mwendo uwe mkubwa. Wakufunzi wengi wa viwanjani huwaambia wageni jambo hili hili, na wageni wengi hawasikii.

Akiwa bado na hamu baada ya mwaka, ndipo mzungumze juu ya rimu nne za pili, hata za mtumba, zikiwa na tairi zake kali, zikae stoo. Kwa macho ni gharama mara mbili. Kwa kweli kila seti hulika kwa kazi yake tu, na ile ghali haiguswi na foleni. Siku ya mbio hukunja viti vya nyuma, hupakia magurudumu, hubadilisha huko huko, na jioni hurudisha yale ya nyumbani. Ndiyo, ni kazi ya jasho na jeki. Mchezo ni wake.

Mjihadhari na jambo moja: tairi za mashindano za mtumba, zinazouzwa na mkimbiaji aliyeziacha. Utaona mistari bado ipo, bei ni ya kutupa, na moyo utaruka. Mpira uliochemka na kupoa mara nyingi hukauka na kuwa mgumu, hata kama haujalika. Bonyeza kwa ukucha. Ukihisi ni kama plastiki ya ndoo, ondokeni.

Kwa kuwa ni Subaru inayoendesha magurudumu yote manne, kuna sharti jingine. Tairi zote nne ziwe za saizi moja, aina moja, na zilike kwa kiasi kinachokaribiana. Fundi wa pembeni akiwaambia mnunue mbili tu kwanza na nyingine mwezi ujao, anawaokoa shilingi za leo. Tairi mpya na kuukuu hazizunguki sawa, na tofauti hiyo huchemsha mitambo ya katikati inayogawa nguvu. Kuitengeneza ni bei ya tairi nyingi. Kama hela haitoshi nne, subirini.

Someni pia maandishi ya ubavuni kabla ya kufunga. Kwa mfano 205/55R16 91V. Hiyo 91 ni uzito: tairi moja hubeba kilo 615. V ni mwendo, hadi kilomita 240 kwa saa. Msikubali namba ya uzito iliyo chini ya ile iliyoandikwa kwenye mlango wa dereva, hata kama tairi ni zuri vipi. Desemba gari hilo litabeba watu watano, magunia, na kuku.

Jambo ninaloliogopa zaidi kuliko aina ya tairi ni upepo. Tairi likichemka uwanjani, upepo wake hupanda sana, psi 6 au zaidi. Wakimbiaji hutoa upepo wakati bado ni moto ili lirudi kwenye kipimo wanachotaka. Wengine huchora mstari wa chaki ubavuni, karibu na ukingo, kuona tairi linalala kiasi gani kwenye kona, na hiyo ni mbinu nzuri isiyogharimu kitu. Shida ni jioni. Tuseme ametoa hadi psi 34 likiwa moto, akarudi nyumbani amechoka, akalala. Jumatatu asubuhi limepoa, limeshuka hadi 27 au 28, na wewe ndiwe unayeshika usukani na watoto. Kwa jicho halionekani. Tairi lenye upepo kidogo hujikunja ubavuni, huchemka barabarani, na likibeba mzigo kwa mwendo mrefu linaweza kupasuka. Kwa hiyo sheria ya nyumba iwe hivi: gari likitoka uwanjani halilali kabla ya kujazwa upepo, na linapimwa tena asubuhi likiwa baridi. Kipimo cha mkononi kiwekwe kwenye gari. Na nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kutembea kilomita 50 au 100, maana zimefunguliwa na kufungwa shambani kwa haraka.

Hukuuliza kuhusu bima, lakini nitasema. Sera nyingi za bima ya gari huondoa mbio na majaribio ya mwendo. Chukueni karatasi zenu leo jioni mtafute kifungu hicho. Kama kipo, gari likigonga ukuta uwanjani, hasara ni yenu, na Jumatatu watoto wanapanda matatu. Shemeji ajue hilo akiwa nyumbani, kabla hajavaa kofia ya chuma. Nadhani kifungu hicho kitamtuliza mguu kuliko maneno yako au yangu.

Mwisho wa barua umeuliza kama tairi zinazotoka mnaweza kumpa shemeji yako wa Nyahururu kwa Probox yake, kwa kuwa "bado zina nyama." Za inchi 16 haziingii kwenye rimu za inchi 14, hata fundi akiapa. Kabla hamjampa mtu mwingine yeyote, tafuteni tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo unaoanza na DOT. Zikiwa 3214, tairi lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2014. Michelin yenyewe hushauri tairi litolewe likifikisha miaka kumi hata kama linaonekana zima. Za umri huo msimpe mtu wala msiziuze. Zikateni ubavu, jazeni udongo na samadi, pandeni sukuma wiki.