Ukurasa wa Mama: Mpishe Aliye Njiani

Wapendwa akina mama, mwezi huu naomba tuzungumze habari za barabara. Najua wengi wetu hatuna gari wala hatujawahi kushika usukani. Mtasema hayo ni ya akina baba na vijana wa bodaboda. Subirini kidogo.

Chukua mama aliyejifungua katika zahanati ya kijiji huko Itilima au Meatu. Mtoto amelia vizuri, lakini damu ya mama haikomi. Wakunga wanalijua jambo hili: damu ikitoka namna hiyo bila tiba, mama mwenye afya yake anaweza kufariki katika muda wa saa mbili. Ndani ya saa hizo inabidi gari lipatikane, lifike kijijini, limpakie na kumfikisha kituo cha afya, au hata Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Nyaumata, Bariadi. Ikibidi apelekwe Bugando, Mwanza, kuna kilometa kama 70 za kufika Lamadi kwanza, ndipo waingie barabara kuu itokayo Musoma. Dakika tano nyuma ya lori la pamba ambalo dereva wake hataki kukaa kando zinatoka katika saa zile mbili.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva kulipisha gari la wagonjwa linapopiga king'ora. Hilo wengi wanalijua. Lakini huku kwetu shida ni nyingine: gari lililombeba mama mara nyingi halina king'ora kabisa.

Wengi mmesikia habari za m-mama. Mpango huu ulianzia Sengerema, ukaja Shinyanga, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kwa nchi nzima. Mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipata hatari, hupigwa simu namba 115, bila malipo. Mhudumu wa zamu huuliza hali ya mgonjwa, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Lisipokuwepo karibu, humwita dereva wa kawaida wa eneo lile aliyekubaliana na mpango, naye hulipwa na mpango baada ya kumfikisha mama. Ni msaada mkubwa. Ila gari lake ni teksi tu kama teksi nyingine. Anayekutana nalo njiani atajuaje kwamba ndani kuna mtu anayepigania uhai?

Atalijua kwa honi isiyokoma, taa za mbele zinazowaka mchana na zile za hatari zinazomemeteka. Hapa niseme kidogo juu ya misafara yetu ya harusi. Tumezoea kuwasha taa za hatari na kupiga honi mji mzima kwa shangwe, hata dereva akiziona anadhani bibi harusi anapita. Mimi naona tungeziacha. Vigelegele vyatosha.

Sasa sehemu yetu. Sisi ndio abiria. Katika Hiace ya kwenda Maswa au Lamadi, nusu ya watu ni akina mama na vikapu vyao. Mkisikia honi nyuma na dereva anajifanya hasikii, mama mmoja aseme kwa heshima, "Baba dereva, tafadhali tupishe, huenda ni mgonjwa." Wa pili na wa tatu wakiitikia, atapisha. Apunguze mwendo, awashe taa ya kushoto, atoke kushoto na kusimama. Asisimame ghafla, wala darajani au kwenye kona. Katika barabara ya vumbi awe mwangalifu zaidi, maana wa nyuma haoni kitu. Na akishapisha asijibandike nyuma ya gari lile ili apate njia ya bure. Vijana wetu wanaochunga nao waambiwe wawatoe ng'ombe barabarani mapema, kwani ng'ombe hajui maana ya honi.

Kuna na lile gari lililosimama kando kwa kuharibika au ajali. Usiku wa tarehe 13 Januari 2025, huko Segera wilayani Handeni, watu walikusanyika kusaidia penye ajali ndogo. Lori likaja likawaparamia, wakafa watu 11. Handeni ni mbali na sisi, lakini tabia ya kukimbilia ajali na kusimama katikati ya lami tunayo vilevile, hata na watoto mgongoni. Wachache wasaidie, wengine wakae mbali kabisa na barabara, na mtu awekwe nyuma, mbali kiasi, kuonya magari yanayokuja. Dereva akiona kibao cha pembe tatu au matawi yaliyotandazwa njiani, apunguze mwendo hapo hapo.

Ile namba 115 iandikeni ukutani, hata kwa mkaa. Katika nyumba nyingi simu ni ya baba, naye siku ya mnada huondoka nayo asubuhi. Basi mama anayekaribia kujifungua akubaliane mapema na jirani mwenye simu, na huyo jirani ajue kutaja jina la kijiji, jina la zahanati iliyo karibu na njia ambayo gari linaweza kupita wakati wa mvua.