Tusimpunje Anayetuongoza Mlimani

Mwezi uliopita mafrateri kadhaa tuliungana na vijana wa parokia moja ya Tanga kwenda Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Kiongozi wetu, mzee wa kijiji cha huko, alitaja ujira wake. Tukabishana naye bei kama tuko gulioni, hadi akakubali nusu.

Kisha akatuonyesha tusiyokuwa na macho ya kuyaona. Kwenye jabali lenye kivuli akainua jani la manyoya: ua dogo la zambarau, ambalo Ulaya hupandwa vyunguni madirishani. Mwaka 1893 wataalamu waliliita Saintpaulia, kwa heshima ya ofisa wa Kijerumani. Bibi zake mzee yule walikuwa wakilipita kila siku.

Mtoni akasimama. Huu Zigi, akasema, ndio unaojaza bwawa la Mabayani. Maji mnayokunywa Tanga yanatoka msitu huu. Tukanyamaza, mikononi tumeshika maji ya chupa.

Darasani tunafundishwa kwamba falsafa huanza na mshangao. Mimi nilishangazwa na mtu niliyemlipa nusu. Papa Fransisko katika Laudato Si' (2015) aliunganisha kilio cha dunia na kilio cha maskini. Sisi hupenda zaidi sehemu ya miti.

Naziomba kamati za safari parokiani ziandike ujira kamili wa kiongozi kwenye bajeti, kabla ya soda na fulana. Sisi tumeanza kuchangishana tumtumie ile nusu yake.