Kiwanja cha Njiani Kichaguliwe kwa Busara

Afisa anayetumwa ng'ambo kwa masomo hapewi vitabu peke yake. Hupewa pia siku za mapumziko. Katika Chuo cha Ukamanda na Unadhimu cha Jeshi la Marekani, kilichoko Fort Leavenworth katika jimbo la Kansas, maofisa kutoka Afrika wamesoma kwa miaka mingi. Mwisho wa juma ufikapo, mtu hupenda kutia jamaa yake garini akaione nchi. Katika safari hizo upo mchezo mmoja ambao twaona wamfaa sana askari: gofu ya visahani.

Mchezo huu hauna makuu. Mchezaji hurusha kisahani cha plastiki, ambacho uzito wake hauzidi gramu 200, mpaka kiingie katika kikapu cha chuma chenye minyororo. Anayemaliza vikapu vyote, aghalabu 18, kwa mirusho michache kuliko wenzake ndiye mshindi. Kiwanja cha kwanza cha kudumu kilianzishwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California, kwa jitihada za Ed Headrick. Leo viwanja vimepita 10,000 duniani, na vingi vya Marekani vimo katika bustani za umma, ambamo maskini na tajiri huingia bila kulipa kitu.

Basi shida ya msafiri si kupata kiwanja, bali kuchagua. Hapo ndipo wengi wanapokosea, kwa kufuata jina. Mji wa Emporia, ulio kusini magharibi ya Kansas City, ulipokea mashindano ya ubingwa wa dunia mwaka 2016, na tena mwaka 2022. Kwa ajili ya sifa hiyo, msafiri hutaka kucheza pale pale walipocheza mabingwa, hata kama mkewe na watoto hawajapata kushika kisahani. Vikapu vya mabingwa huweza kuwa mbali zaidi ya mita 200. Matokeo yake ni kwamba mmoja hucheza, na wengine hukaa garini wakihesabu saa. Kumbe katika mji huo huo, ndani ya bustani ya Peter Pan, kuna kiwanja cha umma ambacho jamaa nzima yaweza kukijaribu. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Sisi twashauri kwamba msafiri aanze kwa kupima saa zake. Watu wanne huhitaji muda wa saa mbili au zaidi kumaliza vikapu 18, na mwezi wa Desemba jua la Kansas huzama karibu saa 11 jioni. Kisha amwangalie aliye dhaifu kuliko wote katika msafara, achague kiwanja ambacho huyo atakimaliza kwa furaha. Mwisho apime hali ya hewa: katika mbuga zisizo na miti upepo hukipeperusha kisahani, na radi ikisikika hakuna mchezo tena.

Wako watakaosema kwamba nafasi ya kukanyaga kiwanja mashuhuri huja mara moja maishani. Hatuwapingi. Lakini kiwanja cha namna hiyo kitengewe siku yake nzima, pamoja na mahali pa kulala. Kisibanwe kati ya safari mbili, dereva akamaliza mchezo gizani, kisha akashika usukani kwa saa tatu huku macho yakimfumba. Polisi wa barabarani hawahitaji kuelezwa mwisho wa safari kama hiyo, kwani ndio wanaoitwa kuokota waliobaki.

Kamanda hodari hapeleki kikosi mahali kwa sababu pana sifa. Huuliza kwanza kama watu wake watafika, watatimiza kazi, na watarudi. Mkuu wa msafara naye, hata akiwa likizoni, hana budi kuuliza hayo hayo kabla ya kuliwasha gari.