Ugonjwa wa "Nikishapaua"

Jamani, leo nina hasira kidogo, mtanivumilia. Wiki iliyopita nilikuwa msibani Kibaha. Aliyefariki ni baba yangu mdogo. Nimerudi mjini na maneno yamenikaa kooni, na nisipoyatoa hapa yatanikaba.

Baba mdogo alianza kujenga nyumba yake nikiwa darasa la tatu. Sasa hivi nina miaka ishirini na tisa. Katika miaka yote hiyo, kila alipoombwa jambo lolote la raha, jibu lake lilikuwa moja: "Nikishapaua." Watoto wanataka kwenda baharini? Nikishapaua. Mama mdogo anataka kwenda kwao Songea kuwaona wazee wake kabla hawajaondoka? Nikishapaua. Ujanani alikuwa anapiga gitaa, tena vizuri, ila gitaa lilining'inia ukutani mpaka nyuzi zikaota kutu. Nyuzi mpya? Nikishapaua.

Akapaua. Ikawa nikishapiga lipu. Akapiga lipu, ikawa nikishaweka marumaru. Marumaru ziliwekwa. Akakaa kwenye kibaraza chake miezi minne, na miwili kati ya hiyo alikuwa ndani kitandani akiugua.

Padri alipomaliza na watu wakaanza kula, nikasikia wazee wakimsifu: "Mwenzetu kafa kaacha nyumba." Wote wakaitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa namwangalia mama mdogo. Alikaa mkekani, kaipa nyumba mgongo, na alichoniambia ni maneno matatu tu: "Hata Songea hatukwenda."

Sasa naomba nieleweke. Sisemi kujenga ni kosa. Yeyote aliyewahi kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo hapa Dar, na mwenye nyumba kasimama mlangoni asubuhi na mapema, anajua kwa nini watu wanakimbilia viwanja. Ugomvi wangu ni na ile tabia ya kuifanya furaha kuwa mshahara wa mwisho, unaolipwa kazi yote ikishakwisha. Kazi haiishi, ndugu zangu. Aliyekuahidi mshahara huo ni nani? Mkataba uko wapi?

Na sisi vijana wa mjini tusijifanye tumepona. Tumebadilisha neno tu. Badala ya kupaua tunasema nikishapata ajira ya kudumu. Nikishanunua gari. Nikishaolewa. Nikishapata viza. Mimi mwenyewe ni mgonjwa wa siku nyingi. Naandika habari kwa malipo ya stori moja moja, na kwa miaka mitatu nilijiambia kwamba nitaanza kuishi nikishaajiriwa. Nilikuwa nakula chipsi mayai mbele ya kompyuta, na nikimaliza sikumbuki kama zilikuwa na chumvi. Rafiki zangu wakinipigia niende tukakae mahali, nasema nina stori ya kumalizia. Mwisho wakaacha kupiga. Mwaka jana ilipita miezi sikucheka kicheko cha kweli, kile cha tumboni. Nilidhani hayo ndiyo maisha ya mtu makini.

Lakini subirini, sijamaliza. Kuna kundi la pili, na hili linanikera kuliko la baba mdogo, kwa sababu baba mdogo angalau alikuwa hamwuzii mtu tiketi. Hawa ni wahamasishaji. Suti inang'aa, kipaza sauti mkononi, ukumbi umejaa vijana waliolipa kiingilio. Anawaambia: "Furaha ni uamuzi! Amka asubuhi, amua kufurahi!" Watu wanapiga makofi, wengine wanaandika kwenye madaftari.

Hebu tumchukue dada mmoja wa Chanika, wa aina ambayo wote tunaijua. Anaamka saa kumi alfajiri. Anagombea daladala, anasimama kwa mguu mmoja mpaka mjini. Anauza duka la mtu, anafunga jioni, anarudi kwenye foleni, anafika nyumbani saa tatu usiku mtoto kashalala. Jumapili anafua. Huyu naye unamwambia furaha ni uamuzi? Aamue saa ngapi? Aamulie wapi? Afurahi na nani, maana wote anaowapenda anawakuta wamelala?

Kumwambia mtu huyo kwamba tatizo liko kichwani mwake ni ukatili, hata ukiusema kwa tabasamu. Furaha nayo ina chakula chake, nayo ni muda, watu na mahali pa kukaa. Ukimnyima mtu vitu hivyo vitatu kisha ukamlaumu kwamba hana furaha, ni sawa na kumfungia kuku bila punje halafu ukashangaa hatagi.

Na muda, jamani, si hisani ya mwajiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilishasema: saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Mapumziko ya wiki yasipungue saa 24 mfululizo. Likizo ya mwaka siku 28, yenye malipo. Yapo kwenye maandishi. Ni wangapi mnaosoma hapa mmewahi kumwonyesha bosi maandishi hayo? Na ni wangapi mnaomlipa dada wa kazi nyumbani bila kumpa hata nusu siku yake? Maana sisi nasi ni mabosi tukifika nyumbani.

Sasa nije kwenye ile ripoti maarufu. Mnakumbuka Ripoti ya Furaha Duniani? Mwaka 2017 Tanzania ilishika nafasi ya 153. Mwaka 2018, 153. Mwaka 2019, 153 tena, kama vile tumekikodi kiti hicho. Waliokuwa chini yetu ni nchi chache mno, nyingi zikiwa zimepigwa na vita. Wapo walioona aibu. Wengine walikasirika: "Sisi tusio na furaha? Sisi tunaocheka hivi? Hao Wafini wanaoongoza, baridi kali, nani kawahi kuwaona wanacheka?"

Wote hawakusoma swali. Mtu haulizwi kama anacheka. Anaambiwa afikirie ngazi, chini kabisa ni 0, juu kabisa ni 10. Juu ndiyo maisha bora kuliko yote anayoweza kuyawaza kwa ajili yake, chini ndiyo mabaya kuliko yote. Kisha anaulizwa: sasa hivi umesimama ngazi ya ngapi? Mtanzania akajibu kwa ukweli wake. Kaangalia hospitali, kaangalia mfuko, kaangalia ada ya mtoto, akasema nipo chini. Ana haki.

Ila wapimaji hao hao wana swali jingine ambalo watu hawalitaji: jana ulitabasamu au kucheka sana? Ni swali tofauti, na linahesabiwa mbali na lile la ngazi.

Hapo ndipo nilipoiona hoja yangu yote. Ngazi ni jambo moja na jana ni jambo jingine. Ngazi inapandwa kwa miaka, kwa elimu, kwa kura, kwa chama cha wafanyakazi, kwa tofali moja moja. Jana ilikuwa ni saa ishirini na nne tu, na haitarudi. Baba mdogo alisema: kwanza nipande ngazi, kucheka baadaye. Mhamasishaji anasema: cheka tu, ngazi haina maana. Wote wawili wamechanganya maswali mawili yasiyofanana, na wote wawili wanatunyang'anya kitu. Mmoja anatunyang'anya jana, mwingine anatunyang'anya ngazi. Mimi navitaka vyote viwili, na sioni haya kusema hivyo.

Rafiki yangu mmoja, mtu wa siasa sana, aliponisikia akanijia juu. Akasema haya ni mambo ya kuwalaza watu usingizi. Akasema watawala wanapenda sana maskini anayecheka, kwa sababu anayecheka haandamani. Nimeitafakari hoja yake, si ya kupuuza. Ila nikamuuliza: hebu niambie, watu wanazungumzia wapi bei ya unga, maji yasiyotoka na diwani asiyeonekana? Si kwenye kijiwe cha kahawa? Si kwenye drafti? Si kwenye kikao cha akina mama wa kibati, ambako pesa inazunguka na siri za mtaa nazo zinazunguka? Mtu aliyechoka mpaka mifupa hahudhurii mkutano wowote. Watu wasio na saa moja ya kukaa pamoja hawana saa moja ya kudai kitu pamoja. Aliyefaidika na uchovu wetu anajua hilo.

Na kabla hamjanirushia mawe, neno moja kwa ndugu fulani wanaonisoma. Wapo ambao muda wanao, watu wanao, na bado hawasikii kitu. Chakula hakina ladha, usingizi hauji au hauishi, wiki baada ya wiki. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Usiambiwe uamue, usiambiwe usali zaidi halafu basi. Nenda hospitali, ukaseme. Na sisi wengine tuache ule utani wa "mpelekeni Mirembe" kila mtu akisema ameelemewa. Utani huo umewafunga watu midomo.

Mtaniuliza, wewe mhubiri umefanya nini? Kidogo sana. Jumapili jioni nazima simu ya kazi. Napanda pantoni ya Kigamboni bila shughuli yoyote upande wa pili, nakunywa kahawa na kashata, narudi. Nisiwadanganye. Jumapili ya kwanza sikusikia kitu, niliona nimepoteza jioni. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu kulikuwa na mtoto mbele yangu, akamuuliza babu yake, "Babu, pantoni ina breki?" Babu akafikiri, akajibu, "Inazo, lakini zipo kule Kigamboni." Nilicheka mpaka mama mmoja mwenye ndoo ya samaki akanigeukia, naye akaanza kucheka. Hakuna kilichobadilika kwenye ngazi yangu siku ile. Kesho yake bado nilikuwa nadaiwa kodi. Lakini mtu angeniuliza swali la pili, la jana, ningekuwa na jibu.

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alitupenda, na alidhani anatuwekea akiba. Kosa lake ni kwamba alikuwa anaweka akiba ya kitu kisichowekeka. Pesa unaweza kuiweka, mahindi unaweza kuyaweka. Jioni huwezi.

Arobaini ikipita nampeleka mama mdogo Songea. Hela haijatimia, na kuna stori mbili natakiwa kuzimaliza, na mhariri kashaanza kununa. Mama mdogo mwenyewe alipoambiwa aliangalia chini, akasema tusubiri kwanza amalizie uzio. Nikamwambia, mama, basi linaondoka alfajiri, uzio utatukuta tumerudi.

Wewe unayesoma, neno lako la "nikisha" ni lipi? Na mwenye kuona nimekosea aje tubishane. Jumapili jioni tu msinipigie.