Saa ya Kupimia Mazoezi na Mkono wa Mfanyakazi

Mtu apitaye njiani alfajiri siku hizi, tangu Buguruni mpaka ufukwe wa Coco, hukutana na makundi ya wananchi, waume kwa wake, wakikimbia mchakamchaka huku wakiimba. Ni jambo la kutia moyo sana. Klabu za kukimbia zimeenea katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, na humo utamkuta karani, mpagazi, mama lishe na mwalimu wakitoka jasho pamoja, wala hapana amwulizaye mwenzake cheo chake. Lakini tumeona na jambo jingine, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu leo. Mikononi mwa wengi wa ndugu hao mna saa nyeusi yenye kioo king'aacho. Mbio zikiisha, kila mmoja huitazama saa yake, humwuliza jirani yake amepata hatua ngapi, na aliyepata chache huinamisha kichwa.

Hatuna ugomvi na saa hizo, wala hatumo katika kundi la wale wanaokichukia kila kitu kipya kwa sababu baba zao hawakuwa nacho. Ila twajua ya kuwa bei ya saa moja iliyo nzuri huweza kumeza mshahara wa mwezi mzima wa mfanyakazi wa kima cha chini, na bado ikadai zaidi. Wapo wanaozichukua kwa mkopo na kulipa kidogo kidogo, huku karo ya watoto ikingoja. Basi yafaa kuuliza, kabla fedha haijatoka mfukoni, swali ambalo muuzaji hatakuuliza kamwe: je, mazoezi unayoyafanya wewe ndiyo ambayo saa hii inaweza kuyapima?

Yuko mzee mmoja tunayemfahamu, ambaye kazi yake ni kusukuma mkokoteni pale Kariakoo. Mwanawe, kwa mapenzi mema, alimletea saa ya namna hii. Mzee akaivaa, akasukuma mizigo kutwa nzima juani, na jioni mwanawe alipoitazama saa akamwambia, "Baba, leo hukutembea vya kutosha." Mzee alicheka, lakini tulimwona ya kuwa neno lile lilimchoma.

Saa haikuwa mbovu. Ndani yake mna kidude kidogo kinachohisi mtikisiko, na mkono unapopepea mbele na nyuma, kama upepeavyo wa mtu atembeaye, kidude hicho hutambua mfuatano huo na kuandika hatua. Mkono ulioshika mpini wa mkokoteni haupepei. Miguu ya mzee ilikwenda, lakini saa haikai mguuni. Na kwa sababu hiyo hiyo, mtu aliyeketi barazani akisimulia habari kwa mikono yote miwili huweza kuandikiwa hatua ambazo hakuzipiga. Asukumaye mkokoteni, abebaye gunia kichwani akilishika kwa mkono, mama aliyembeba mtoto kifuani, wote hao yawapasa kujua ya kuwa kipimo hiki hakikutengenezwa kwa kuwatazama wao.

Tena, hiyo hesabu ya hatua 10,000 inayowafanya watu wazima wazunguke meza usiku ili watimize deni lao, imetoka wapi? Wengi hudhani imetoka kwa madaktari. La hasha. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni moja ya Japani ilianza kuuza kidude cha kufunga kiunoni cha kuhesabu hatua, nacho kikaitwa manpo-kei, maana yake kipimo cha hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la biashara, nalo lilipendeza sikioni, likasafiri dunia nzima. Ilipofika mwaka 2019, Dkt. I-Min Lee wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walitangaza matokeo ya kuwachunguza wanawake wapatao 16,700 wa Marekani, ambao wastani wa umri wao ulikuwa miaka 72. Waliopiga hatua zipatazo 4,400 kwa siku walikufa wachache zaidi kuliko waliopiga 2,700. Faida iliongezeka kadiri hatua zilivyoongezeka, lakini ilipofika kama hatua 7,500 haikuonekana kupanda tena. Kijana wa miaka 25 asiichukue hesabu hiyo ya bibi zake kuwa ni yake. Lakini naye asilale na huzuni kwa kukosa hatua 600 katika elfu kumi za mfanyabiashara.

Sasa tuutazame moyo, maana hapo ndipo wauzaji wanapojivunia zaidi. Upande wa chini wa saa mna taa ndogo za kijani. Damu hunyonya mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga damu huzidi katika vimishipa vya mkono, mwanga unaorudi ukapungua kidogo. Saa huhesabu kupungua huko. Ni akili kubwa, na kwa mtu anayetembea au kukimbia kwa mwendo ulio sawa hufanya kazi nzuri. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saa za aina 7 kwa watu 60, na 6 katika hizo zilikosea mapigo ya moyo kwa chini ya asilimia 5. Lakini walipopima kalori, yaani nguvu ambayo mwili umeitumia, mambo yaligeuka. Iliyokuwa afadhali kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na iliyokuwa mbaya kuliko zote kwa asilimia 93. Ndugu anayeambiwa na saa yake ya kuwa ameunguza kalori 500, kisha akaenda kujipongeza kwa sahani ya chipsi mayai, huenda amerudi nyumbani mzito kuliko alivyotoka.

Liko na swali la ngozi, nalo latuhusu sisi hasa, kwa sababu ngozi nyeusi hunyonya mwanga zaidi. Wale wa Stanford waliona makosa ya mapigo yakizidi kidogo kwa watu wenye ngozi nyeusi zaidi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, mwaka 2020, hawakuona tofauti hiyo, bali waliona ya kuwa makosa huongezeka mwili unapokuwa katika kazi kuliko unapopumzika. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutuambia ya kuwa saa hizi hazitufai kwa rangi yetu. Na asiwepo wa kutukataza kuzijaribu juu ya mikono yetu wenyewe kabla ya kulipa.

Je, ni nani basi afaidikaye? Kwa maoni yetu wa kwanza ni mkimbiaji wa masafa, yule anayejitayarisha kwa mbio ndefu za Moshi au nyinginezo. Yeye ahitaji kujua amekimbia kilomita ngapi, na kila kilomita kwa dakika ngapi, ili asianze kwa pupa akaishia kando ya barabara. Saa yenye kupokea habari kutoka setilaiti humpa hayo, nayo katika mahali pa wazi hukosea kidogo tu. Atatokea mtu wa kutukumbusha ya kuwa Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hakuwa na kitu kama hicho mkononi. Ni kweli. Lakini mwanariadha wa daraja lile hakosi watu wa kumpimia muda, na karani akimbiaye peke yake saa kumi na moja alfajiri hana wa kumpimia.

Anyanyuaye vyuma, kwa upande wake, na aweke fedha yake. Akikaza mkono kushika chuma, misuli hujifunga na kifundo hupinda, na ule mwanga wa kijani hausomi sawasawa. Wala saa haijui kama amenyanyua kilo 20 au 80. Daftari na penseli vyamtosha. Mcheza mpira atavuliwa saa na mwamuzi. Apandaye baiskeli aweza kuitumia kwa umbali, si kwa hatua.

Hapo wabaki watembeao, nao ndio wengi, na juu yao tumefikiri sana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lawataka watu wazima wafanye mazoezi ya kiasi kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, pamoja na ya kukaza misuli siku 2 au zaidi. Kuhesabu dakika hakuhitaji zaidi ya saa ya kawaida. Na alama ya kiasi hicho ni hii, ya kuwa mtu aweze kuzungumza na mwenzake lakini asiweze kuimba. (Ndugu zetu wa mchakamchaka wanaoimba wimbo mzima bila kukatika pumzi watatusamehe, lakini bado wana nafasi ya kuongeza mwendo.) Hata hivyo twakiri ya kuwa saa hukumbusha. Uchunguzi uliokusanya matokeo ya chunguzi nyingi, uliotangazwa mwaka 2022, ulionyesha ya kuwa wavaao vifaa hivi huongeza wastani wa hatua zipatazo 1,800 kwa siku. Uzito ni habari nyingine. Katika jaribio la miaka 2 la Chuo Kikuu cha Pittsburgh, lililotangazwa mwaka 2016, vijana wanene waliopewa kifaa cha kuvaa walipungua wastani wa kilo 3.5, na wenzao waliofuata mafunzo yale yale bila kifaa hicho walipungua kilo 5.9. Basi mtembeaji mvivu, ambaye pasipo kusukumwa hatoki kitini, anunue saa iliyo rahisi. Aliye na rafiki wa kumgongea mlango alfajiri hana haja nayo.

Kwa mgonjwa twasema kwa ukali. Sokoni zimo saa zinazotangazwa kuwa hupima sukari ya damu bila kuchoma kidole. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya ya kuwa haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya kupima sukari kwa njia hiyo. Mgonjwa wa kisukari akiitegemea, akajidunga sindano kwa namba ya uongo, aweza kupoteza maisha yake. Auzaye kitu hicho huku akijua hilo hastahili kuitwa mfanyabiashara.

Na wako waajiri ambao huenda wakawagawia watu wao saa hizi bure. Zawadi si neno baya, lakini habari za mwili wa mtu huenda wapi? Novemba 2017 kampuni ya Strava ilitoa ramani ya dunia yenye kuonyesha njia walizokimbia wateja wake, na Januari 2018 watu wakagundua ndani yake kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia humo na saa zao. Ikiwa askari alijifichua pasipo kujua, sembuse dereva wa lori au mhudumu wa hoteli? Nchini mwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo huzihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Mfanyakazi anayevishwa saa na mwajiri ana haki ya kuuliza ni nani ataziona namba zake, za nini, na kwa muda gani, na ya kukataa bila kuitwa mkaidi.

Aliye na nia ya kununua na aazime kwanza ya rafiki yake kwa siku mbili tatu. Apige hatua 100 akizihesabu kwa kinywa, kisha aitazame saa. Azunguke mara moja katika uwanja wenye njia ya mita 400, aone saa imeandika ngapi. Mara amalizapo kukimbia aweke vidole viwili penye mshipa wa mkono, ahesabu mapigo kwa sekunde 15, azidishe kwa 4, alinganishe. Kisha afanye vivyo hivyo katika kazi yake ya kila siku, iwe ni kusukuma, kubeba au kupanda ngazi, na aulize betri yake hukaa siku ngapi, maana saa inayotaka umeme kila usiku haimfai akaaye penye umeme wa kubahatisha.

Yule mzee wa Kariakoo alifanya majaribio hayo kwa mkokoteni, mbele ya vijana wenzake wa kazi, wakihesabu hatua kwa sauti huku wakimcheka. Siku ya pili alimpa saa binti yake ajitayarishaye kwa mbio za kilomita 21, naye sasa kila Jumapili humsimulia baba yake kilomita alizokimbia.